Barua Zilizotokea Stoo

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, siku mliponiaga mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani na ombi. Vitenge nimeshashonesha. Saa inakimbia dakika sita kila siku, sijui nani aliichagua, lakini nimemsamehe. Ombi ndilo lililonishinda. Mlitaka niwaandikie ukurasa mmoja wa nini cha kufanya printa ya mtandao inapogoma. Nimekaa mezani siku nne, naandika, nafuta. Ukurasa mmoja unaitosha printa. Hauwatoshi watu wanaoizunguka, na kwa miaka yangu yote kazini sijapata kukutana na printa iliyogoma ikiwa peke yake.

Kwa hiyo mtasoma yote. Shirika letu sitalitaja jina, mnalijua. Vyeo navyo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu, na cha pili kilinikuta nimeshachoka.

Sikuanza kama fundi. Nilianza kama mpiga chapa. Niliteremka mlima kwa miguu kutoka kwetu Vidunda mpaka Kidodi, sanduku la bati kichwani, nikapanda gari mpaka Mikumi, na nyingine mpaka Kilosa. Shule ya misheni ilikuwa imenifundisha kuchapa kwa vidole kumi huku kitambaa kimefunika mikono, na nilijiona sina mpinzani tarafa nzima. Nikafika ofisini, nikapiga hodi kwenye chumba nilichoelekezwa. Sikuona mtu. Palikuwa na meza tatu, na taipureta tatu zilizofunuliwa matumbo.

"Karibu," sauti ikasema.

"Shikamoo," nikaiamkia meza.

"Marahaba," meza ikaitikia.

Chini yake akatoka Mzee Kobelo, fundi wa shirika, springi imebanwa mdomoni. Akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Wewe ndiye mpiga chapa mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Unapiga kwa nguvu au kwa adabu?"

"Kwa adabu, mzee."

"Tutaona. Aliyekutangulia alisema hivyo hivyo, akaivunja herufi M."

Baadaye niliambiwa kisa chenyewe. Kwa muda mrefu barua zote za shirika zilichapwa bila M, kisha mtu akazijaza kwa kalamu moja moja. Siku moja aliyepewa kazi ya kujaza akasahau, na wakulima wa kata nzima wakapokea barua zinazoanza na maneno "Ndugu kulia". Wengine walikuja ofisini kuuliza kuna msiba gani.

Mzee Kobelo alikuwa mtu wa Msowero, mfupi, mwenye magoti mabovu. Kwa sababu ya magoti hayo alianza kunituma mimi chini ya meza nimshikie tochi. Kutoka kushika tochi nikashika bisibisi. Vifaa vyake vilienea kwenye kopo la maziwa: bisibisi tatu, brashi ya kunyolea ndevu kwa ajili ya vumbi, mafuta ya cherehani, na spoku ya baiskeli aliyoichonga ncha mwenyewe. Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa chai. Akiitwa kwenye mashine mbovu hakuigusa. Alikaa na mwenye mashine, akaomba chai, akazungumzia mvua, mahindi na ndoa za watu. Mimi nilikuwa kijana, niliona anapoteza muda.

"Mzee, kwa nini usifungue tu?"

"Mashine haina mdomo, mwanangu. Mwenye nayo anao, ila anaona haya."

Na kweli, kikombe kikifika nusu, mtu alikuwa anakohoa kidogo na kusema, "Labda niseme tu, mzee, juzi iliniponyoka." Hapo ndipo Mzee Kobelo alipochukua bisibisi, na alijua afungue wapi.

Kompyuta zilipokuja alizitazama wiki moja, akanikabidhi kopo lote na kwenda kulima. Nikabaki fundi kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuingia chini ya meza. Printa za kwanza zililia kama cherehani mbili zinazogombana, lakini zilikuwa na heshima moja: kila printa ilikuwa na kompyuta yake na waya wake mnene, na ukitaka kujua nani anaongea na nani ulifuata waya kwa kidole. Printa za mtandao zilipoingia, kidole hakikutosha tena. Printa moja watu sita, waya zote zinaingia kwenye kisanduku cha swichi chenye taa za kijani, na baada ya hapo ni imani.

Somo langu la kwanza katika imani hiyo nililipata Mikumi. Tawi letu la kule lilipiga simu kwamba printa haipo hewani. Baada ya saa moja wakapiga tena: hakuna kompyuta hata moja iliyo hewani. Nikapanda basi la asubuhi. Yalikuwa masika, na mnaijua barabara ya vijiji vya Ulaya na Zombo wakati wa masika. Zombo tulishuka tukasukuma. Nilifika Mikumi saa saba mchana nikiwa na matope mpaka magotini, nikaanza kazi kwa hasira. Nilizima, nikawasha. Nikafuta programu ya printa, nikaiweka upya. Nikabadilisha kebo. Nikaisema ile printa maneno ambayo misheni hawakunifundisha. Saa mbili nzima, patupu. Taa za swichi zilikuwa zinawaka na kuzima zote kwa pamoja, mbio mbio, kama zina homa.

Mama Neema, mhudumu wa usafi, ndiye aliyeniokoa, kwa chai.

"Pole na safari, mama. Na juzi tu nilizipanga vizuri hizo kamba zenu."

Kikombe kikasimama njiani.

"Ulizipangaje, mama Neema?"

"Moja ilikuwa inaning'inia hapo chini, ncha yake haina kwao. Nikaihurumia. Nikaona kuna tundu wazi kwenye kisanduku, nikaichomeka."

Kebo ile ilikuwa ya wageni wanaokuja na kompyuta zao. Ncha moja ilikuwa kwenye swichi tangu zamani, na huruma ya mama Neema ikairudisha ncha ya pili kwenye swichi ile ile. Basi kila ujumbe uliotumwa ulizunguka humo, ukajirudia, ukaongezeka, mpaka hapakuwa na nafasi ya mwingine kupita. Nikachomoa ncha moja. Taa zikatulia. Printa ikakohoa, ikaanza kutapika karatasi za siku tatu, na ofisi nzima ikapiga makofi.

"Kwa hiyo nimeharibu?" mama Neema akauliza kwa sauti ndogo.

"Umefanya usafi," nikamwambia. Kwenye taarifa niliandika: kebo ilijizungusha, imerekebishwa. Sikuandika jina. Nanyi mkiandika taarifa kumbukeni kwamba kebo haifukuzwi kazi.

Sasa nifike kwenye kisa mnachokisikia nusu nusu kila mkinywa chai, na ambacho kila anayekisimulia hukosea. Nawapa kamili, pamoja na sehemu yangu mimi, ambayo naona huwa mnairuka kwa adabu.

Kulikuwa na meneja mgeni hapa Kilosa, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyependa siri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Aligonga muhuri wa SIRI hata kwenye tangazo la usafi wa choo. Katibu muhtasi wake alikuwa Bi Zuhura, mwenyeji wa hapa hapa mjini, mwanamke wa baibui lililopigwa pasi na mafaili yaliyonyooka kama askari. Kwa kutunza siri walikuwa wamelingana. Ukimuuliza Bi Zuhura leo amepika nini, alikujibu, "Chakula."

Basi ghafla siri za meneja zikaanza kutoka. Orodha ya uhamisho ilijulikana kwa wauza maandazi kabla haijasainiwa. Dereva mmoja alikuja kuomba radhi kwa kosa ambalo barua yake ya onyo ilikuwa bado haijagongwa muhuri. Likizo za msimu wa kupanda zilipofutwa, watu walikuwa wameshanuna siku mbili kabla ya tangazo. Meneja akahesabu watu wanaoziona barua zake, akapata wawili: yeye na Bi Zuhura. Yeye hakujishuku.

Mimi sikuwa na habari kwamba jambo hilo linanihusu. Nilichojua ni kwamba printa ya Bi Zuhura ilikuwa na siku zake. Mara tatu aliniita.

"Mama Tumaini, leo imenikatalia. Natuma, kompyuta inasema imechapwa, karatasi haitoki."

Mara zote tatu nilikuwa na kazi pengine, nikaenda kesho yake, nikatuma ukurasa wa majaribio, ukatoka safi. Mara zote tatu nikasema, "Dada, ni nzima hii," kwa sauti ile ya fundi anayemwona mwenzake hajui kubonyeza. Naiandika sentensi hii bila raha.

Halafu Jumatano moja, karibu na saa za chakula, Bi Zuhura akaja chumbani kwangu. Hakuwa mtu wa kutembelea vyumba vya watu. Akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mama Tumaini, nimepewa pole na watu watatu kibandani kwa mama wa chai."

"Pole ya nini, dada?"

"Ya barua. Wanasema nimeandikiwa barua ya kujieleza kwa kuvujisha siri, na Ijumaa nitaitwa kikao cha nidhamu. Wameisema mpaka na aya." Akahesabu kwa vidole. "Mimi barua hiyo sijaiona. Sijaichapa. Sijapewa."

Alikaa. Alitoa leso, akaifuta meza yangu badala ya macho yake, maana ilikuwa na vumbi na hakuweza kuvumilia. Miaka ishirini na mbili, aliniambia, hakuna karatasi iliyowahi kumdondoka mkononi, na sasa mama yake mzazi angesikia msikitini kwamba mwanawe ni mpayukaji.

Barua aliipata kesho yake saa nne asubuhi, neno kwa neno kama alivyosimuliwa kibandani. Ilisema asipotoa maelezo ya kuridhisha atasimamishwa kazi. Meneja aliichapa kwa mkono wake mwenyewe kwenye kompyuta yake, ili Zuhura asiione.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoamka. Barua ambayo Zuhura hakuichapa wala kuiona imevuja kama nyingine. Basi tundu haliko kwa Zuhura. Liko njiani. Na kompyuta ya meneja ilikuwa haina printa yake. Ilituma kwenye printa ya Zuhura. Ile Jumatano alingoja Zuhura atoke ndipo akaituma, haikutoka, akaituma tena Alhamisi asubuhi.

Nikamwomba chai. Nikamwomba anitajie siku ambazo printa ilimkatalia, na Bi Zuhura, kwa kuwa ni Bi Zuhura, alikuwa ameziandika.

"Siku hizo kulikuwa na nini?" nikauliza.

Akafikiri. "Joto. Feni zilikuwa zimezimika."

Umeme. Nikatoka mbio kwenda stoo, kwa sababu jenereta lilikaa uani kwa stoo na mtunza stoo wetu, Damiani, aliandika kwenye daftari kila lilipowashwa. Damiani mnamkumbuka, yule mtu mnene wa Kimamba mwenye kicheko cha ngoma. Naye alikuwa amepewa printa, ya aina ile ile ya Zuhura, siku moja, mzigo mmoja na ile. Fomu zake aliendelea kuziandika kwa mkono. Printa aliijaza karatasi kama alivyoagizwa, akaiwasha kila asubuhi alipofika na kuiacha inawaka kutwa kama alivyoagizwa, na juu yake akaweka chupa ya chai.

Nikafungua daftari. Siku zote za Zuhura zilikuwemo. Na ile Jumatano ilikuwemo.

"Damiani," nikasema, "hii printa yako huwa inatoa kitu?"

Kile kicheko hakikutoka. Alitazama mlango, akatazama dari, kisha akavuta chini ya magunia faili moja jembamba. Juu yake alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: BARUA ZILIZOPOTEA NJIA. Zote zilikuwemo, nyingine nakala tatu tatu, maana Zuhura alipoona hakuna kinachotoka alikuwa anatuma tena.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama Tumaini, ya kwanza ilikuwa na jina langu. Nahamishiwa Mikumi. Ningeachaje kusoma? Ya pili nikadhani ndiyo uwazi tunaoambiwa kwenye semina. Ya tatu..." akashika kichwa. "Ya tatu nilikuwa nimeshawasimulia watu, nikaona haya kuanza kusema sikujua."

"Na hii ya Zuhura?"

"Ilinitoka mdomoni kabla sijaielewa. Tangu jana sijala."

"Kesho atasimamishwa kazi."

Alikaa juu ya gunia la mbegu. Alikuwa na watoto shuleni na alijua neno SIRI linamaanisha nini kwa mtu aliyelisoma bila ruhusa na kulitangaza kibandani. "Mimi nitakuwa hapa hapa stoo," akasema mwishowe. "Ukiniita nitakuja." Sikujua kama ni ahadi au ni njia ya kuniondoa.

Kisa chenyewe cha kiufundi ni kifupi, na nitawaeleza kama nilivyoeleza kikaoni, kwa mfano wa gesti. Ruta yetu, mashine inayogawa namba za mtandao, ni mhudumu wa mapokezi. Kila kifaa kikiamka inakipa namba ya chumba, anayewahi anapewa namba ya kwanza. Kompyuta ya Zuhura haikujua jina la printa yake, ilijua namba ya chumba tu, na barua ilipelekwa chumba hicho bila kuangalia nani kalala. Kila asubuhi Zuhura alifika mapema kuliko wote, printa yake ikachukua chumba chake. Umeme ukikatika, ruta inasahau kila kitu, na jenereta likiwaka vyumba vinagawiwa upya.

Ijumaa nikaomba nafasi ya kusema. Kikaoni walikuwepo meneja, wakuu wawili wa vitengo, na Bi Zuhura kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Nikaeleza gesti yangu. Wakuu wa vitengo wakatazamana. Meneja akasema kwa upole, "Mama Tumaini, tunakuheshimu. Lakini hii ni hadithi. Tuonyeshe."

Tukahamia wote ofisini kwa Zuhura. Nikaagiza swichi kuu ya umeme izimwe, kisha iwashwe. Meneja akaketi, akaandika mstari mmoja, akatuma. Tukaizunguka printa kama watu wanaosubiri kitoto kitambae. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi pale pale mbele ya macho yetu. Ilisema: Jaribio. Na chini yake: SIRI.

"Imetoka hapa," meneja akasema.

"Naiona," nikasema.

Vijana, jasho mnalijua, lakini lile lilikuwa la aina yake. Mkuu mmoja wa kitengo akaanza kukusanya makaratasi yake. Bi Zuhura hakuinua macho. Nilizitazama waya, nikaitazama ruta, nikaitazama printa, na zote zilinitazama kama hazijawahi kuniona. Namba zilikuwa zimegawiwa upya kama nilivyosema, ila printa ya Zuhura iliwahi. Sasa kwa nini siku zile haikuwahi?

Nikaacha kuitazama mashine. Nikamgeukia mwenye nayo.

"Dada Zuhura, umeme ukikatika, wewe huwa unafanya nini?"

"Naizima printa kwa kitufe chake," akasema. "Umeme ukirudi nasubiri utulie kama dakika tano, ndipo naiwasha. Usije ukaiunguza." Kisha, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka: "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli. Nilimfundisha mimi, siku ya kwanza, na nilimsifu kwamba ndiye peke yake anayefuata. Printa ya Damiani, asiyefuata chochote, iliamka pamoja na jenereta na kuchukua chumba cha kwanza. Ya Zuhura iliwashwa baadaye kwa uangalifu wote, ikapewa cha pili. Uangalifu wake ndio uliomponza, na uangalifu huo ulitoka kwangu.

Nilikuwa na sekunde chache za kuamua niseme kiasi gani. Ningeweza kusema "hitilafu ya mfumo", nayo ingetosha, kwa mtu asiyejua.

"Meneja," nikasema, "tujaribu tena, lakini safari hii dada Zuhura aguse printa yake kama siku zote."

Swichi kuu ikazimwa. Zuhura akainuka, akabonyeza kitufe. Swichi ikawashwa. Tukasubiri dakika tano ambazo sitaki kuzirudia. Akawasha. Meneja akatuma mstari ule ule. Printa ikakaa kimya. Kompyuta ikasema imechapwa. Kimya. Mkuu wa kitengo akafungua mdomo, na kabla hajasema tukasikia viatu vizito ukumbini.

Sikuwa nimemwita. Damiani akaingia na karatasi moja mkononi na faili kwapani.

"Habari za kikao," akasema. "Hii imefika kwangu sasa hivi. Na hizi zilitangulia. Nilizisoma, nikazisema. Bi Zuhura hakusema hata moja." Akaliweka faili mezani mbele ya meneja, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri kupimwa uzito.

Meneja alifungua faili, akapitisha karatasi moja moja, SIRI baada ya SIRI. "Kwa hiyo," akasema, "aliyekuwa anavujisha siri zangu ni nani?"

"Ni namba, Meneja," nikasema. "Na nyuma ya namba ni mimi. Printa zile nilizifunga mimi kwa haraka bila kuzipa namba za kudumu. Nilimfundisha kuizima. Na aliponiita mara tatu, nilimwambia ni nzima bila kumuuliza swali hata moja."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alimgeukia Zuhura, akasema, "Bi Zuhura, nakuomba radhi."

"Nashukuru, Meneja. Naomba iandikwe."

"Iandikwe?"

"Tuhuma iliandikwa."

Meneja akakaa, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili. Mimi nikaambiwa nizipe printa namba za kudumu kwanza, nisimame hapo mpaka barua itoke. Ikatoka. Zuhura akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Nimemuuliza mara nyingi ilisema nini. "Maneno," ananijibu.

Damiani alipewa onyo na akaenda Mikumi, kwa sababu orodha ya uhamisho ilikuwa ya kweli. Mimi nilipata onyo langu pia, ninalo kabatini. Zuhura alininunia mwezi mzima, kwa haki, kisha siku moja akaniletea bakuli la bokoboko bila maelezo, nikajua yameisha.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotaka ukurasa wao mmoja: kila printa ipewe namba ya kudumu, namba hiyo iandikwe kwa kalamu nene kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa tumboni mwa printa, na iandikwe pia mahali pengine, kwa sababu plasta hubanduka. Ukiambiwa printa haipo hewani, angalia kwanza kama imewashwa. Msicheke. Nimesafiri mara mbili kwa ajili ya kitufe. Kisha angalia taa ya kebo nyuma yake, kisha linganisha namba iliyo kwenye printa na ile inayotafutwa na kompyuta. Na ukiitwa leo, nenda leo. Kesho yake printa huwa imepona, na wewe unabaki na kiburi tu.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Mwanaidi alinipigia kutoka Mikumi. Mnamjua Mwanaidi, fundi wetu wa kule, binti mwenye maneno ya Morogoro mjini na kucha ndefu ambazo sijui anashikaje bisibisi nazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Printa imenigomea tangu jana, mama. Namba iko sawa, kebo iko sawa, kila kitu fresh, lakini haionekani kabisa. Nimejaribu yote."

"Usiguse. Nakuja."

Mlisema nisiende, nimebakiza siku tatu. Nikaenda. Zombo tulishuka, tukasukuma, na safari hii wasafiri vijana walinikalisha kando ya barabara na kuniita bibi. Simu haikushika njia nzima. Nilikuwa nimeshapanga maswali yangu kichwani, moja baada ya jingine, na nitakiri kwamba nilikuwa na furaha. Nilitaka ya mwisho iwe ngumu.

Nilipofika, Mwanaidi alikuwa mlangoni ananisubiri, na nyuma yake nikaisikia printa inatoa karatasi moja baada ya nyingine, laini, bila kukohoa.

"Imekubali?"

"Tangu saa tatu asubuhi, mama. Nimekupigia, hupatikani."

"Ilikuwa nini?"

Akatabasamu. Akanivutia kiti, akanimiminia chai, akaniwekea sukari vijiko viwili kama ninavyopenda.

"Sikwambii, mama."

"Mwanaidi!"

"Sikwambii. Umesema ukistaafu utaandika kumbukumbu. Nikikwambia, mle ndani itakuwa umeirekebisha wewe."

Nilimwomba. Nikamtishia. Nikanywa chai yote na kuzungumzia mvua, mahindi na ndoa za watu, naye akazungumza nami kwa raha kuhusu yote hayo, kucha zake zikigonga kikombe, bila kulegea hata mara moja. Basi la jioni likaja, nikapanda kurudi Kilosa nikiwa sijaigusa ile printa hata kwa kidole. Nilicheka peke yangu mpaka Ulaya, na jirani yangu akahama kiti.

Mpaka leo sijui ilikuwa na nini.